Pipa la Pembeni

Mchele ulikuwa na joto.

Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kabla ya harufu na kabla ya wadudu. Asubuhi ile boti la mizigo lilikuwa halijavuka kutoka Mokowe, duka letu la mtaani lilikuwa na mchele wa pishori tu, na mimi nilikuwa na watu saba wa kulisha. Nikaingia stoo kuchota kwenye pipa la pembeni, lile la buluu. Juu tulikuwa tumeshakula, ikabidi niiname hadi kwapani. Nikatia mkono. Kule chini mchele ulikuwa vuguvugu kama kipaji cha mtoto mwenye homa.

Nilipoutoa mkono ulikuwa mweupe kwa vumbi, na fukusi walikuwa wakitembea kwenye vidole.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa amekaa kizingitini akichambua mchicha. Aliutazama mkono wangu, asiulize kumetokea nini. Aliuliza neno moja tu, kuhusu mchele wa chini.

"Na huu wa tini ni wa lini?"

Sikumjibu, na si kwamba sikujua. Ulikuwa mchele wa Novemba 2023.

Wiki sita zimepita tangu siku ile. Kuku wa jirani wamekula walichokula, kilichobaki kimetupwa, pipa limeoshwa na limekauka. Lakini kila nikipita pale pembeni najikuta nasimama. Nimejaribu kujiambia kwamba nahuzunikia hasara. Hasara ya mchele haimkoseshi mtu usingizi wiki sita.

## Bakuli la samawati

Wa Lamu sina haja ya kuwasimulia mvua zile. Mto Tana ulifurika, barabara ikakatika upande wa Gamba na Lango la Simba, malori yakalala njiani na mizigo yake, na sisi huku kisiwani tukawa tunahesabu kilichobaki madukani.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Redio zilikuwa zimetaja El Niño kwa wiki kadhaa, na kabla maji hayajafika nilinunua magunia matatu ya kilo 25. Hamali aliyaleta na punda wawili hadi mlangoni. Nilijiona mwanamke mwenye akili. Nilimimina yote kwenye pipa, nikabana kifuniko, nikaweka juu yake sinia la shaba ili lisifunguliwe ovyo.

Siku chache baadaye, njia ikiwa imeshafungwa, alikuja mtoto wa mlango wa pili. Alishika bakuli la samawati kwa mikono miwili.

"Shikamoo. Mama amesema umwazime kibaba cha mchele. Atarudisha boti likija."

Nikamwambia, "Marahaba. Mwambie mama hata wetu unakaribia kutuishia."

Mtoto akaitikia, akageuka na bakuli lake.

Pipa lilikuwa limejaa hadi juu.

Mchele nilioukuta na joto chini ya pipa ni ule ule. Kibaba nilichomnyima mtoto wa watu kimo ndani ya ule uliotupwa. Hilo ndilo linalonisimamisha pale pembeni.

## Hofu ina mwanzo wake

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile. Mimi si mchoyo, au sikujijua hivyo. Nyumba hii haijawahi kula mahamri peke yake.

Nilikulia katika nyumba ya mvuvi. Kaskazi ikivuma tulikuwa watu: bahari imetulia, baba anarudi na changu na tasi, mama anapasua samaki na kutia chumvi kufanya ng'onda. Kusi ikishika, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bahari hailiki. Hapo ndipo mama alipokuwa akipima mchele kwa kibaba na kuupitisha mkono wake juu, usawa, isizidi hata punje. Mkono ule naukumbuka kuliko sura yake ya siku zile. Nilijifunza kuogopa kwa kuutazama.

Halafu ukaja mwaka 2014, amri ya kutotoka usiku, wavuvi wakazuiwa bahari ya usiku, na majiko mengi ya mtaa huu yakapoa. Ikaja Aprili 2020, Mombasa na Kilifi zikafungwa, nasi tukanunua kama kwamba tuliofungwa ni sisi. Kila mara nilitoka nikiwa nimeweka zaidi ya mara iliyopita. Watu wengine hujiwekea dhahabu. Mimi niliweka mchele, na kila gunia lililoongezeka lilinipa usingizi wa siku mbili tatu tu, kisha nikaanza kufikiria jingine.

Nililiona baadaye, nikiwa nasugua pipa: sikuwahi kuliona limejaa vya kutosha. Mtoto angekuja na bakuli pipa likiwa nusu ningemnyima, na angekuja mapipa yakiwa mawili ningemnyima pia.

## Juu mpya, chini wa kale

Sasa niseme namna mchele ulivyooza, kwa sababu kosa langu wengi tunalifanya.

Pipa lile halikuwahi kukaa bila kutumika. Tulikuwa tunakula humo wiki hadi wiki. Ila kila mchele ulipopungua nilinunua gunia, nikamimina juu. Tukala wa juu. Nikamimina tena juu. Miaka miwili na zaidi tulikuwa tunakula mpya na kuulaza wa kale chini, na mimi nikidhani stoo yangu inazunguka.

Mavyaa aliponiona nimekaa kitako na pipa tupu aliniambia walivyofanya wao. Nyumba yao ilikuwa na kasiki mbili, mitungi mikubwa ya udongo. Moja huliwa, moja hungoja. Inayoliwa haiongezwi kitu hadi ionekane sakafu yake; kisha huoshwa, huanikwa, ndipo hutiwa mchele mpya, na zamu hubadilika. "Mtele mpya na wa zamani hautanganywi," alisema. Amekaa nami miaka kumi na moja akinitazama nikitanganya. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema stoo ni ya mwenye nyumba.

Fukusi wenyewe hawazaliwi na hewa, kama nilivyokuwa nikiamini. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huliziba tundu. Funza hula punje akiwa humo humo, na katika joto letu huchukua kama mwezi hivi kutoka akiwa mdudu kamili. Kwa hiyo gunia unaloliona safi dukani huenda limeshabeba mayai. Nilipomimina gunia jipya juu ya la zamani nilikuwa nawaletea chakula wale wa chini, au nawaletea wageni. Na lile joto ni lao: wadudu wengi wakipumua mahali pamoja hutoa joto na unyevu, unyevu huo nao huita ukungu.

Nyumba zetu za mawe na chokaa hazisaidii. Ukuta unavuta maji kutoka chini, na pipa langu lilikuwa limeegemezwa ukutani, juu ya sakafu tupu. Mahali pazuri kuliko pote kwa kitu kuharibika.

## Swali nililompelekea ustadhi

Nilihisi nimefanya dhambi, nikataka kujua ni ipi. Nikamwendea ustadhi anayewasomesha watoto wangu, nikamuuliza kama kuweka chakula cha miezi ni kuhodhi.

Alinijibu kwa upole. Ihtikari, alisema, ni mfanyabiashara kuzuia chakula ambacho watu wanakihitaji ili bei ipande. Mtu kuwawekea watu wa nyumbani kwake si hayo, Mtume (S.A.W.) mwenyewe imepokewa kwamba aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Akanikumbusha Nabii Yusuf, miaka saba ya neema na saba ya ukame, na nafaka iliyoachwa katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kuliwa. Nikafikiri hapo juu ya mpunga, maana mpunga ukiwa na ganda lake hukaa kuliko mchele uliokobolewa. Ganda ni mlango uliofungwa.

Nilitoka kwake nimepata ruhusa, na moyo wangu haukutulia hata kidogo.

Nilifika uwanja wa Mkunguni ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimemuuliza kuhusu pipa. Sikumuuliza kuhusu mtoto. Na katika kisa kile kile cha Yusuf, ghala zilipojaa, watu walitoka mbali na mizigo mitupu wakapimiwa. Ghala ile ilikuwa na mtu wa kupima mlangoni. Yangu ilikuwa na sinia la shaba juu ya kifuniko.

Sikuhodhi. Nilisema uongo, kwa mtoto, nikiwa nimeshiba.

## Nilivyoanza upya

Kitu cha kwanza nilikaa na kalamu. Nyumba yetu hupika kilo moja na robo ya mchele kwa siku. Miezi miwili ni kilo 75. Nilishangaa: ni magunia yale yale matatu. Yaani hofu yangu yote ya Novemba ilikuwa chakula cha siku sitini, na kibaba alichoomba jirani hakifiki hata mlo wetu wa siku moja.

Nimeachana na pipa. Nimechukua madumu ya lita 20 yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, nikayaosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, nikayaacha wazi juani hadi ndani pasiwe na tone. Kila dumu linachukua kilo 15 na zaidi kidogo, kwetu ni siku kumi na mbili. Nikilijaza nalijaza hadi shingoni, nikiligonga-gonga mchele ushuke, kwa sababu hewa ikiwa chache na kifuniko kikibana, mdudu aliyemo huimaliza na kufa. Ndiyo kazi ya ile mifuko ya tabaka tatu wanayotumia wakulima. Chanzo chake ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani juu ya kunde za wakulima wa Kameruni, miaka ya 1980. Kwa anayeweka mahindi au kunde kwa gunia, mfuko ule unafaa kuliko dawa ya unga.

Ila kufunga kitu kibichi ni kukizika. Mchele au maharage yakiwa na unyevu, dumu linageuka kiwanda cha ukungu. Kuna kipimo chepesi: tia konzi ya nafaka na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka haijakauka. Huku kwetu lazima chumvi yenyewe uikaange kwanza, maana chumvi ya Lamu haijui kukauka.

Mayai ya fukusi nayaua kwa friza. Mchele kwenye mifuko ya kilo tano, siku nne kwenye baridi kali, kisha mfuko haufunguliwi hadi upoteze baridi yote. Ukiufungua mapema, umande unaingia. Wakati friza imejaa barafu za kuuza hilo haliwezekani, na hapo namfuata mavyaa: jamvi, mchele tandazo jembamba, jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivulini na uteo wa kupepetea. Jua la adhuhuri nimeliacha. Mchele ukikaushwa kwa nguvu hupata nyufa, na ukiupika unakuwa mabambure, wali wa mgonjwa.

Madumu yamepangwa juu ya ubao, nafasi ya mkono kutoka ukutani. Jipya linaingia kulia, la kuliwa linatoka kushoto. Kila moja lina karatasi ya kunata yenye mwezi wa kununuliwa. Dumu haliongezwi hadi liwe tupu na limeanikwa. Sheria ni hiyo moja, ya kasiki mbili.

Vingine vimenifundisha kiasi. Mchele mweupe ukiwa mkavu na umefungwa hukaa miaka. Wa kahawia una mafuta yake na hauvumilii joto letu, miezi tu unanuka. Unga wa atta vivyo hivyo, kwa hiyo nanunua wa mwezi. Maharage hayaharibiki upesi, lakini yakikaa miaka kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, unamaliza gesi na bado yanagonga meno. Magadi kidogo kwenye maji ya kuloweka husaidia. Nami nimeyawekea zamu: kila Ijumaa nyumba hii inakula maharage au pojo, atake asitake. Mikebe ya samaki nimeipunguza, upepo wa bahari unaitoboa kutu. Tende, samli, achari ya ndimu na ng'onda za kaskazi zimerudi rafuni, na nimefurahi kuona kwamba nusu ya nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kwenye jiko la mama yangu.

Mahindi nayaogopa, na hofu hii sitaki kuiacha. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliwapata watu 317 upande wa Makueni, Kitui na jirani zake, 125 wakafa. Sumu ile haiondoki kwa kupikwa. Unga wa sima wenye harufu ya kuvunda hata kuku sitampa.

Na gesi! Nilikuwa na kilo 75 za mchele na mtungi mmoja wa gesi, ambao nao huja kwa boti. Sasa kuna makaa kavu ndani ya pipa la buluu. Limepata kazi.

Stoo inajazwa mara mbili: mwisho wa Machi kabla ya masika na kusi, na mwisho wa Oktoba kabla ya vuli. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka itaingia katikati ya hesabu na kuivuruga. Sijali. Zaka ya Fitri ya vichwa saba, pishi kwa kichwa, ni dumu zima na kidogo, na nimeazimia itoke kwenye dumu ambalo sisi wenyewe tungelila wiki ile.

Madumu matano yanatutosha. Nimeweka sita.

## Mlango wa pili

Nilichelewa kwenda. Wiki ya kwanza nilisema nimalize kusafisha, ya pili nikasema mtoto ana homa. Nilimpita mara nyingi kichochoroni, tukaamkiana, nikajibana ukutani apite na ndoo yake, nikakosa pa kuanzia.

Nilikwenda Jumanne moja baada ya alasiri. Alikuwa dakani, barazani pa mlango wake, akishona kofia. Akanipisha nikae.

"Shoga, nina neno," nikasema. "La mvua zile za El Niño. Ulimtuma mtoto kwangu kuazima kibaba."

"Nakumbuka."

"Nilimwambia mchele unatuishia. Haukuwa unaisha. Pipa lilikuwa limejaa."

Aliendelea kutia sindano, akatoa, akaukata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Punda wako walisimama hapa hapa. Nilishindwa kupita na ndoo yangu, nikangoja hamali ashushe. Magunia matatu."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Katika kichochoro cha Lamu gunia haliingii nyumbani bila mtaa kuliona. Alimtuma mtoto akijua nina nini, na mtoto akarudi na bakuli tupu, na yeye akaishi na jibu langu miaka miwili na zaidi, akinisalimia kila asubuhi.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Nilidhani mna deni la mtu. Au mchele si wenu, mmewekewa." Akaigeuza kofia, akatazama upande wa ndani. "Tulikula mihogo. Haikuwa kitu, siku mbili tatu."

Nikamwomba radhi. Akasema amesamehe tangu zamani, kwa sauti ya mtu anayesema kweli, na hilo halikunipunguzia uzito. Tulikaa kimya. Muadhini wa magharibi alikuwa bado. Kisha akauliza mchele uliooza ulikuwa wa aina gani, nikamwambia, akasikitika kwa bei yake, akanieleza kwamba na wake umeanza kuingia vumbi.

"Wewe unaanika siku gani?" akaniuliza. "Huku kwangu nyumba hii mpya ya ghorofa imenizibia jua."

"Jumamosi. Mapema, kabla ya saa nne."

Jumamosi alikuja na jamvi lake begani na mtoto nyuma yake akibeba mchele kichwani. Mtoto amekuwa mrefu, ameanza darasa la sita. Tulitandika majamvi mawili juu darini, lake upande wa bahari, langu upande wa msikiti, na mavyaa akakaa katikati kwenye kiti cha kamba na fimbo yake ya kufukuzia kunguru.

"Mpe uteo mwenzio," mavyaa akaniambia. "Wake una tundu."